Kati ya Kupoza na Kupooza: Kuishi na Dawa za Kutuliza Wasiwasi

Ndugu Mwenyekiti, waheshimiwa madaktari na wafamasia, ndugu zangu mnaotumia dawa hizi, na ninyi mnaoishi nao nyumba moja,

Nimeombwa nizungumzie maisha ya mtu anayemeza dawa za kutuliza wasiwasi, hasa namna zinavyomgeuza hisia zake. Mimi si daktari. Nilizimeza kila siku kwa miaka sita na kuziacha kwa muda wa miezi kumi na minne, na nitakayoyasema yanatokana na miaka hiyo pamoja na yale niliyoyasoma baadaye nikitafuta kuelewa kilichonipata. Dawa ninazozikusudia ni zile za jamii ya benzodiazepini, yaani diazepamu, lorazepamu, klonazepamu, alprazolamu na ndugu zao.

Lugha yetu ina vitenzi viwili vinavyotofautiana kwa herufi moja. Kupoza ni kuondoa joto, na mtu aliyeungua huombewa apozwe. Kupooza ni kufa kwa kiungo kisihisi wala kisitikisike. Nilipoandikiwa dawa hii niliomba kupozwa, na kwa kweli nilipozwa. Sikutambua ni siku gani nilivuka kutoka neno la kwanza kwenda la pili, wala sidhani kama ipo siku moja ninayoweza kuinyoshea kidole, kwa kuwa kiungo kilichoguswa ndicho kile kile ambacho kingepaswa kunijulisha.

Nilianza baada ya mashambulizi ya hofu yaliyonijia mara tatu katika mwezi mmoja. Moyo ulidunda kwa kasi, pumzi zikawa fupi, vidole vikafa ganzi, na nikawa na yakini kwamba ninakufa. Vipimo vya moyo vilionyesha kwamba mimi ni mzima. Nikaandikiwa alprazolamu ya miligramu 0.5, kidonge kimoja saa kumi na mbili asubuhi na kimoja saa nne usiku, kwa wiki mbili. Nakumbuka kidonge cha kwanza kuliko ninavyokumbuka siku nyingi za furaha. Haikupita saa moja mabega yangu yakashuka, na nikagundua kwamba kwa wiki kadhaa nilikuwa nimeyapandisha bila kujua. Sitaki mtu yeyote aondoke hapa akidhani kwamba nimekuja kukilaani kidonge kile. Diazepamu imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu orodha hiyo ilipotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1977, na kwa sababu nzuri: dawa za jamii hii hukatisha kifafa kinachokataa kukoma, na huwavusha salama watu wanaoacha pombe baada ya kunywa kwa miaka mingi. Lawama yangu inahusu zile wiki mbili. Ziliandikwa upya kila zilipokwisha, na madaktari tofauti kila mmoja alidhani kwamba aliyemtangulia alikuwa na sababu yake, nami nikanyamaza kwa kuwa nilikuwa na nafuu.

Ili tuelewane kuhusu hisia, ni lazima niseme kidogo juu ya kinachotendeka ubongoni. Ubongo una kemikali yake ya kupunguza kasi, iitwayo GABA. Inapogusa kipokezi chake juu ya seli ya neva, mlango mdogo hufunguka, chembe za kloridi huingia, na seli hiyo huwa nzito kuchochewa. Benzodiazepini haifungui mlango huo yenyewe. Hushika upande mwingine wa kipokezi hicho hicho na kumsaidia bawabu, yaani GABA yenyewe, aufungue mara nyingi zaidi. Dawa za zamani za jamii ya babichureti, zilizoanza kuuzwa mwaka 1903, ziliushikilia mlango ukae wazi kwa muda mrefu, na kwa dozi kubwa ziliufungua hata bila bawabu, ndiyo maana ziliwaua watu wengi waliozidisha. Benzodiazepini zilipokuja zilionekana rehema, na kwa kulinganisha zilikuwa rehema kweli, mradi zisichanganywe na pombe wala na dawa za maumivu za jamii ya afyuni, kwa sababu hapo pumzi inaweza kusimama.

Jambo la kushika katika maelezo haya ni kwamba milango hiyo haipo katika chumba cha hofu peke yake. Imeenea ubongo mzima: panapohifadhiwa kumbukumbu, panaposimamiwa mizani ya mwili, panapopimwa hatari, na panapozaliwa hamu ya kufanya jambo. Dawa haichagui. Inapopunguza sauti ya hofu inagusa pia sauti zilizo jirani, na kiasi cha kuguswa hutofautiana kati ya mtu na mtu. Wapo waliotumia kwa muda mfupi wasione badiliko lolote ila nafuu na usingizi mzuri. Mimi sikuwa miongoni mwao.

Katika mwaka wa nne wa kumeza, mama yangu alifariki. Nilisimamia kila kitu. Nilipokea wageni, nilisoma wasifu wake bila kutetemeka, nilikumbuka kuwalipa waliostahili kulipwa, na watu wakanisifu kwa ujasiri. Nami nikaiamini sifa hiyo. Usiku nilipobaki peke yangu nilijaribu kumlilia, nikawa kama mtu anayesukuma mlango uliofungwa kwa nje. Sikuwa na huzuni iliyozidi wala iliyopungua. Nilijua tu, kama mtu ajuavyo tarehe, kwamba mama hayupo. Waganga wa akili wana jina la hali hii, kufifia kwa hisia, na kinachoifanya iwe ngumu kugundulika ni kwamba haiumi. Mgonjwa haendi kwa daktari kulalamika kwamba haumii. Nitasema pia, kwa haki, kwamba huzuni kubwa yenyewe inaweza kumfanya mtu awe ganzi bila kidonge chochote, na kwa muda mrefu nilijifariji kwa maelezo hayo.

Aliyenifungua macho ni mke wangu, na hakutumia maneno makubwa. Wakati huo nilikuwa nimeanza kuwa mkali nyumbani. Nilikuwa nikigombana na watoto kwa sababu ya kikombe kilichoachwa mezani, au kwa sababu mlango umefungwa kwa kishindo, kisha nikimaliza nilibaki na hofu kifuani na mikono ikilowa jasho. Niliamini kwamba ugonjwa wangu unazidi, na kwamba labda niombe dozi iongezwe. Siku moja, baada ya ugomvi, mke wangu alisubiri nitulie, akaniambia, "Baba, wewe hugombi asubuhi. Hujawahi kugomba usiku. Unagomba saa kumi jioni."

Nilikasirika, na saa ya ukutani ilikuwa saa kumi na dakika ishirini.

Kwa sababu sikuwa na hoja ya kumjibu, nikanunua daftari ili nimthibitishie kwamba amekosea. Kwa wiki tatu niliandika saa niliyomeza dawa, na kila baada ya saa mbili nikaipa hofu yangu alama kutoka 0 hadi 10, na hasira yangu vivyo hivyo. Matokeo yalinifedhehesha kwa jinsi yalivyonyooka. Asubuhi saa mbili nilikuwa na alama 2. Adhuhuri 3. Kuanzia saa tisa alama zilipanda, saa kumi na saa kumi na moja zikafika 7 au 8, zikakaa juu hadi usiku, na saa tano, baada ya kidonge cha pili, zikarudi 2. Ilikuwa hivyo siku za kazi na siku za mapumziko, siku za habari njema na siku za habari mbaya. Tabia ya mtu haifuati saa namna hiyo.

Daftari hilo nililipeleka kwa mfamasia, naye akalisoma kwa dakika chache, kisha akaniuliza swali ambalo kwa miaka minne hakuna aliyeniuliza: dawa hii unadhani inakaa mwilini kwa muda gani? Alprazolamu hupungua hadi nusu ya kiasi chake katika damu kwa takribani saa kumi na moja. Kidonge cha saa kumi na mbili asubuhi, kufika saa kumi jioni, kimebaki karibu nusu, na mimi nilikuwa na saa sita nyingine za kungoja kabla ya kingine. Ubongo uliokwisha kuzoea msaada ule unaanza kudai. Madai yake huja kwa sura ya wasiwasi, ukali, jasho na mapigo ya moyo, yaani kwa sura ile ile ya ugonjwa uliompeleka mtu kwa daktari. Kwa hiyo mgonjwa akimeza na kupata nafuu husema, "Unaona, siwezi kuishi bila hii," wakati sehemu ya anachokitibu ni pengo lililoachwa na kidonge cha kabla yake. Diazepamu ina mwenendo tofauti. Inaweza kuchukua saa 20 hadi 50 kupungua nusu, na mwili huigeuza kuwa kemikali nyingine ambayo nayo hufanya kazi na hukaa muda mrefu zaidi. Hushuka polepole, kama mteremko badala ya ngazi.

Ninakaa hapa kwa makusudi, kwa kuwa hili ndilo nililokuja kulisema. Mtu anayeishi na dawa hizi ana hisia zinazotoka kwake, ana hisia zinazotoka kwa dawa ikiwa juu, na ana hisia zinazotoka kwa dawa ikishuka, na zote tatu humjia kwa sauti moja, sauti yake mwenyewe. Hakuna hata moja inayojitambulisha. Nilipokuwa ganzi nilidhani nimekomaa, na nilipokuwa mkali nilidhani nimefunuka nilivyo. Nimezungumza na wengine waliopitia njia hii, na lile linalowauma si usingizi wala usahaulifu, bali miaka waliyojihukumu kwa tabia ambayo, kwa sehemu kubwa, ilikuwa na ratiba.

Yapo mengine ya hisia nisiyoyapata mimi lakini yanajulikana vyema na matabibu. Sonona inaweza kuzuka au kuzidi kwa mtu anayetumia benzodiazepini, na akiwa na mawazo ya kujidhuru hilo ni jambo la kumwambia daktari siku hiyo hiyo. Wapo wachache ambao dawa, badala ya kuwatuliza, huwaondolea breki: husema yasiyosemeka, hutumia fedha ovyo, hupandwa na ghadhabu isiyo na chanzo, kisha wasikumbuke vizuri. Na kutokukumbuka kwenyewe ni sehemu ya dawa, maana huzuia kumbukumbu mpya zisikae. Kwa wazee kuna hatari ya kuanguka na kuvunjika mifupa, na kuchanganyikiwa ambako familia hukuhesabu kuwa ni uzee tu.

Mnaweza kuuliza kama haya yaligunduliwa juzi. Hayakugunduliwa juzi. Dawa ya kwanza ya jamii hii ilitengenezwa na Leo Sternbach, mkemia wa kampuni ya Hoffmann-La Roche, na ikaingia sokoni mwaka 1960 kwa jina la Librium; Valium, ambayo ni diazepamu, ikafuata mwaka 1963. Mwaka 1961, Librium ikiwa bado mpya madukani, daktari Leo Hollister na wenzake nchini Marekani walichapisha ripoti ya wagonjwa 11 waliopewa dozi kubwa sana kwa miezi kadhaa kisha wakabadilishiwa ghafla, bila kujua, wakapewa vidonge visivyo na dawa. Kumi kati yao walipata dalili mpya, na wawili walipata kifafa. Jibu lililoenea lilikuwa kwamba dozi zile zilikuwa kubwa kupita kiasi, na kwamba mtu wa dozi ya kawaida hana la kuogopa. Ilichukua miaka 20, hadi 1981, kwa Hannes Petursson na Malcolm Lader wa London kuonyesha kwamba hata waliotumia dozi za kawaida kwa muda mrefu hupata dalili wanapoziacha. Mwaka 1988 kamati ya usalama wa dawa ya Uingereza ikashauri zitumike kwa wiki 2 hadi 4 tu, na kwa wasiwasi uliokithiri. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilisubiri hadi Septemba 2020 kuamuru kwamba onyo la utegemezi na la dalili za kuacha liwekwe ndani ya kisanduku kwenye maelezo ya dawa zote za jamii hii. Toka 1961 hadi 2020 ni miaka 59. Simtuhumu mtu kwa ubaya wa moyo. Nadhani tu kwamba mgonjwa aliyetulia hasumbui, na asiyesumbua haulizwi.

Kuna neno ambalo naomba tulitumie kwa uangalifu, nalo ni uraibu. Mraibu ni mtu anayetafuta kitu kwa pupa, huongeza, hudanganya ili akipate, na huendelea ingawa kinamharibia maisha. Wapo wanaofikia hapo kwa dawa hizi, nao wanastahili msaada pasipo kudharauliwa. Lakini wengi wetu hatukuongeza hata robo ya kidonge. Tulimeza kama tulivyoelekezwa, na mwili ukategemea. Huo ni utegemezi wa mwili, na unaweza kumpata mtu mwadilifu kuliko wote mliomo humu. Mtu mmoja wa karibu yangu aliponiita "mla vidonge", neno hilo lilinifanya niache kumwambia daktari ukweli kwa mwaka mzima.

Sasa kuhusu kupunguza. Yeyote anayemeza dawa hizi kila siku na kusikia haya ninayoyasema, asiende leo akavitupa vidonge vyake. Kuacha ghafla kunaweza kuleta kifafa, kuona yasiyokuwepo, na hata kifo. Profesa Heather Ashton, aliyeendesha kliniki ya kuacha dawa hizi mjini Newcastle, Uingereza, kuanzia mwaka 1982 hadi 1994, alifundisha njia ambayo wengi wameifuata: kumhamisha mgonjwa kidogo kidogo kwenye diazepamu inayoshuka polepole, kisha kupunguza kwa hatua ndogo, kwa mwendo anaouweza mgonjwa mwenyewe. Miongozo ya siku hizi hupendekeza kuanza kwa asilimia 5 hadi 10 ya dozi kila baada ya wiki 2 hadi 4. Yote hayo hufanywa na daktari. Mimi na daktari wangu tulianza na miligramu 20 za diazepamu, ambazo kwa hesabu ya Ashton zinalingana na miligramu 1 ya alprazolamu niliyokuwa nameza kwa siku, na mara mbili tulisimama mwezi mzima bila kupunguza kitu kwa sababu nilikuwa nimechoka.

Sitasema ilikuwa rahisi, wala sitaipamba. Nilikuwa na wiki za kutolala, mlio masikioni, na hofu iliyokuja bila sababu, ambayo nilijifunza kuiandika daftarini badala ya kuiamini. Ugonjwa wangu wa awali nao ulikuwepo, kwani kidonge hakikuwahi kuutibu. Ulikuwa umelala tu. Kilichonisaidia kwa huo ni tiba ya mazungumzo inayomfundisha mtu kuikabili hofu kwa hatua, pamoja na dawa ya jamii nyingine inayochukua wiki kadhaa kufanya kazi na isiyo na furaha ya saa ile ya kwanza. Wapo ambao baada ya kupima yote huamua pamoja na daktari wao kuendelea na benzodiazepini kwa dozi ndogo, na sioni kwa nini wahukumiwe, mradi uamuzi huo umefanywa na haukujifanya wenyewe kwa kuandikwa upya kila mwezi.

Nilipofika miligramu 6, asubuhi moja nilikuwa napiga pasi shati, nikamkumbuka mama alivyokuwa akinyunyizia maji kwenye kola kabla ya kuigusa kwa pasi. Nikalia mpaka nikaketi chini. Alikuwa amefariki karibu miaka mitatu kabla yake. Mke wangu alikuja mbio akidhani nimeungua, akaizima pasi, akakaa nami sakafuni, na wala hakuniuliza kitu.

Kwa ninyi mnaoishi na wanaomeza, nina ombi la kikazi. Msiwafiche vidonge vyao, na msiwaambie waache kwa nguvu ya nia. Tazameni saa. Andikeni ni lini anacheka, ni lini hacheki pale ambapo zamani angecheka, ni lini anakuwa mkali, na ni saa ngapi alimeza mara ya mwisho. Kisha mwambieni wakati ametulia, si katikati ya ugomvi, na mkiruhusiwa mfuatane naye kwa daktari, kwa maana yale mnayoyaona ninyi yeye hana pa kusimama ayaone.

Mwenyekiti ameniashiria kwamba muda wangu umekwisha na kwamba maswali yataanza. Naomba, kama itampendeza, swali la kwanza litoke kwa mtu asiyemeza dawa yoyote, ila amekuja na anayemeza.